Imam Abdullah Haron: Aliyekataa daraja alilopewa na makaburu

KILA ifikapo Septemba 27, Waislamu wa mji wa Cape Town, Afrika Kusini, humkumbuka imamu wao aliyekufa tarehe kama hiyo mwaka 1969 akiwa mikononi mwa polisi wa serikali ya makaburu. Jina lake ni Abdullah Haron. Huko kwao ni mtu mashuhuri na barabara imepewa jina lake. Huku kwetu Afrika Mashariki wanaomjua si wengi. Tunawajua Mandela, Sisulu, Sobukwe na Biko, na ni haki tuwajue. Lakini muulize kijana wa Kiislamu wa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja akutajie imamu aliyeuawa kwa kupinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, aghlabu atanyamaza.

Nimeona niandike habari zake kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kulipa deni la historia. Ya pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa zaidi, ni kuwa maisha ya Imam Haron yanajibu swali linalotuhusu sisi tunaoishi mijini pamoja na watu wa asili mbalimbali. Mtu ambaye mababu zake walitoka ng'ambo, kisha watawala wakamweka daraja moja juu ya wenyeji wa nchi, ana wajibu gani kwa wale waliowekwa chini yake?

Ili tumfahamu Imam Haron hatuna budi tuanze na watu aliotokana nao. Mwaka 1652 Waholanzi wa Kampuni ya Mashariki ya India walifungua kituo chao katika Rasi ya Tumaini Jema, pale ulipo mji wa Cape Town hivi leo. Walihitaji watu wa kuwafanyia kazi bila ujira, wakaleta watumwa kutoka visiwa vya Indonesia, Bara Hindi, Ceylon, Madagascar na Msumbiji. Pamoja na watumwa wakaleta pia wafungwa wa kisiasa, yaani wakubwa na wanazuoni wa huko Mashariki waliothubutu kupambana na ukoloni wa Kiholanzi katika nchi zao.

Mmoja wa wafungwa hao alikuwa Sheikh Yusuf wa Makassar, aliyefikishwa mwaka 1694. Waholanzi walimweka shambani Zandvliet, mbali na mji, ili asipate kuonana na watumwa. Mambo yakawa kinyume na walivyotaka. Watumwa waliotoroka kwa mabwana zao walimfuata huko huko na kijumuiya cha Waislamu kikaota mizizi. Yeye alifariki mwaka 1699. Mwingine ni Imam Abdullah bin Qadi Abdus Salaam kutoka kisiwa cha Tidore, maarufu kwa jina la Tuan Guru. Aliletwa mwaka 1780 akafungwa Robben Island, kisiwa kile kile alichokuja kufungwa Mandela karibu miaka 200 baadaye. Akiwa kifungoni aliandika msahafu mzima kwa hifdhi yake. Alipotoka alifungua madrasa mwaka 1793, na hapo hapo mtaa wa Dorp ukasimama msikiti wa Auwal, msikiti wa kwanza wa nchi ile. Katika madrasa hiyo walisoma watumwa na watu huru wa kila asili.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, Waislamu wa Cape Town hawakuhamia Afrika kutafuta biashara. Waliletwa na minyororo, na dini yao ilikuwa dini ya watumwa. Utumwa ulipofutwa mwaka 1834 walikuwa wamekwisha kuchanganyika, damu ya Java na ya Bengal, ya Madagascar na ya Msumbiji, na ya wenyeji wa Rasi. Waingereza, na makaburu baada yao, wakawapa wote jina moja, Wamalay.

Mwaka 1948 chama cha National Party cha makaburu kilishika serikali. Mwaka 1950 zikapitishwa sheria mbili zilizobadilisha maisha ya kila mtu. Moja iliamuru kila raia aandikwe kwa rangi yake. Ya pili ilizigawa sehemu za makazi kwa rangi hizo, na aliyekutwa katika sehemu isiyo yake alitakiwa kuhama. Wazungu waliwekwa juu kabisa. Wahindi na machotara wakawekwa katikati, na Wamalay walihesabiwa kuwa tawi la machotara. Waafrika wakawekwa chini ya wote.

Upuuzi wa mpango huo unaonekana katika kisa kimoja kinachogusa jina la kwetu. Mjini Durban kuna Waislamu wanaoitwa Wazanzibari, ingawa wengi wao asili yao ni Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji. Mababu zao ni watumwa waliokombolewa baharini na manowari za Waingereza na kupelekwa Natal kuanzia mwaka 1873 kufanya kazi. Makaburu hawakujua wawaweke wapi. Mwaka 1961 wakawaandika kuwa ni Waasia wengineo, na wakahamishiwa Chatsworth, mtaa uliotengwa kwa Wahindi. Mmakua akageuzwa Muasia kwa kalamu ya karani wa serikali.

Lakini mpango huo ulikuwa na hila ndani yake. Huyu wa katikati naye alidhulumiwa. Mwaka 1956 machotara wa Cape, Wamalay wakiwemo, waliondolewa katika daftari la pamoja la wapiga kura. Walivunjiwa nyumba na kuhamishwa mitaa. Hata hivyo walipewa kitu ambacho Mwafrika hakupewa. Hawakubeba lile dafta la pasi ambalo Mwafrika akikutwa bila ya kuwa nalo anatiwa ndani. Na katika eneo la Cape ya Magharibi serikali iliagiza kuwa kazi zipewe machotara kwanza, Mwafrika baadaye. Mtu akaambiwa kimya kimya kuwa japo yuko chini ya Mzungu, yupo mwingine aliye chini yake, basi ashukuru na atulie. Huo ndio ujanja wa kila ubaguzi. Hauhitaji walinzi wengi ikiwa kila aliyeonewa amepewa wa kumdharau.

Abdullah Haron alizaliwa katika hali hiyo ya watu wa katikati, Februari 8 mwaka 1924, katika kitongoji cha Newlands na Claremont, kusini mwa mji wa Cape Town. Alikuwa kitinda mimba katika watoto watano. Mama yake alifariki yeye angali mchanga, akachukuliwa na shangazi yake ambaye hakuwa na mtoto. Shule aliiacha baada ya darasa la sita. Elimu yake kubwa aliipata kwa masheikh wa Cape Town na katika Msikiti Mtukufu wa Makka, alikopelekwa kusoma angali kijana. Alihifadhi Qur'an. Mwaka 1950 akamuoa Galiema Sadan na wakajaaliwa watoto watatu.

Mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 31, aliteuliwa kuwa imamu wa msikiti wa Al-Jamia katika barabara ya Stegman, Claremont. Wazee walikuwa na wasiwasi naye. Alikuwa kijana, mtanashati, anavaa suti nzuri na tarbushi iliyonyooka, anapenda kriketi, raga na sinema. Haikuchukua muda mrefu watu wakaanza kumiminika. Aliwaingiza vijana katika uendeshaji wa msikiti, akaanzisha darsa za watu wazima ambazo wanawake nao walihudhuria na kuuliza maswali. Mwaka 1958 vijana waliokuwa karibu naye waliunda Jumuiya ya Vijana wa Kiislamu wa Claremont. Lilipoanzishwa gazeti la Muslim News mwaka 1960, yeye alikuwa miongoni mwa waanzilishi na wahariri wake.

Mwaka huo huo, Machi 21, polisi waliwapiga risasi Waafrika waliokuwa wakipinga sheria ya pasi huko Sharpeville na kuua watu 69. Siku hiyo hiyo damu ilimwagika pia Langa, mtaa wa Waafrika wa Cape Town. Siku chache baadaye maelfu kwa maelfu ya watu wa Langa waliandamana kwa miguu hadi katikati ya mji wakiongozwa na kijana wa chama cha PAC, Philip Kgosana. Serikali ikatangaza hali ya hatari na kuvipiga marufuku vyama vya ANC na PAC. Mwaka 1961 jumuiya za Kiislamu za Cape Town, za vijana wa Imam Haron zikiwemo, zilitoa tamko lililojulikana kama Mwito wa Uislamu, likieleza kuwa ubaguzi wa rangi ni kinyume cha dini na Muislamu hawezi kuukubali. Imam Haron aliyasema hayo juu ya mimbari, na aliyasema pia katika mikutano ya hadhara.

Kusema ni jambo moja. Lililomtenga Imam Haron na wengine ni kwamba alitoka Claremont akaenda Langa.

Ndugu msomaji, tusilione jambo hilo kuwa dogo. Mitaa ya Waafrika, Langa, Nyanga na Gugulethu, haikuingiwa na mtu wa rangi nyingine kama apendavyo. Imam Haron alipata njia. Kazi iliyomlisha ilikuwa ya uwakala wa mauzo katika kampuni ya peremende ya Wilson-Rowntree, na kazi hiyo ilimpa sababu ya kuingia katika mitaa hiyo kutembelea maduka. Mchana aliuza peremende. Papo hapo alizitembelea nyumba za watu ambao baba zao walikuwa Robben Island au wamekimbilia uhamishoni, akawapelekea chakula na pesa za kodi na za ada ya shule. Hakuuliza ni Waislamu au Wakristo. Waafrika wa huko walimwita Mfundisi, neno la Kixhosa wanalomwitia kasisi, ambalo sisi wasema Kiswahili hatuhitaji kamusi kulikaribia, kwani shina lake tunalo katika kufunza na kufundisha.

Pesa hizo nyingine zilitoka kwa waumini wake na nyingine zilitoka nje, hasa katika mfuko wa kuwatetea wafungwa wa siasa uliosimamiwa London na kasisi wa Kianglikana, John Collins wa kanisa la St Paul's. Katika mitaa hiyo Imam Haron alijenga pia uhusiano na watu wa PAC, chama ambacho kwa wakati huo kiongozi wake Sobukwe alikuwa kifungoni na ofisi zake za uhamishoni zikiwemo hapa hapa Dar es Salaam. Alifanya hayo kwa siri kubwa. Hata waumini wengi waliokuwa wakisali nyuma yake kila siku hawakujua imamu wao anakwenda wapi akishatoa salamu.

Wakati huo huo sheria ya makazi iliifikia Claremont. Waislamu walioishi kuuzunguka msikiti kwa vizazi walitakiwa kuondoka ili pawe mahali pa Wazungu. Familia ya Imam Haron nayo ilihamia Athlone. Msikiti ulibaki, waumini wakawa wanasafiri kutoka mbali kuja kusali.

Mwaka 1968 alikwenda Hijja, kisha akapita Cairo na London, ambako binti yake mkubwa alikuwa akisoma. Katika safari hiyo alionana na wapigania uhuru waliokuwa uhamishoni. Makachero wa serikali walikuwa tayari wanafuatilia nyendo zake, na marafiki walimsihi asirudi. Angeweza kubaki. Mke na watoto wengine wangetafutiwa njia ya kumfuata, kama walivyofanya wengi wengine. Alirudi Cape Town.

Mei 28 mwaka 1969, siku iliyosadifu Mfunguo Sita mwezi 12, siku ya Maulidi, polisi wa usalama walimwita na kumweka ndani chini ya Sheria ya Ugaidi ya mwaka 1967. Sheria hiyo iliwaruhusu kumshikilia mtu kwa muda wowote, bila mashitaka, bila wakili, bila kuonana na jamaa yake. Mkewe aliruhusiwa kuleta chakula na nguo safi, lakini kumwona mumewe hakuruhusiwa. Siku zikawa wiki, wiki zikawa miezi.

Hapa ndipo penye uchungu, na siwezi kupapita kwa haraka. Katika siku zote hizo viongozi wengi wa dini wa Cape Town walinyamaza. Hapakuwa na maandamano ya masheikh mbele ya kituo cha polisi. Tukiwa waadilifu tutasema kuwa wengi walikuwa na hofu ya kweli, kwani serikali ile ilikuwa inaua. Tutasema pia kuwa viongozi hao walisimama imara kutetea misikiti isiuzwe wala isibomolewe katika mitaa iliyofanywa ya Wazungu, na kwa ajili hiyo misikiti mingi ipo mpaka leo. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini palikuwepo na hoja nyingine iliyozoeleka misikitini, kuwa maadamu serikali inaturuhusu kusali, kufunga na kwenda Hijja, basi mambo ya pasi na ya Langa si mambo yetu. Hoja hiyo ndiyo iliyomwacha Imam Haron peke yake.

Nimeifikiria sana hoja hiyo, maana naisikia mpaka leo katika nchi nyingine na kwa maneno mengine. Mtu aliyepewa nafasi ya kusali hudhani amepewa haki. Adhana yake haizuiwi, sadaka yake haihojiwi, basi akaona dhulma anayofanyiwa jirani ni siasa, na siasa haina nafasi msikitini. Imam Haron alikuwa na adhana na msikiti mzuri wenye waumini. Aliona kuwa vyote hivyo havimwondolei wajibu wake kwa mtu wa Langa.

Septemba 27 mwaka 1969, siku ya 123 ya kushikiliwa kwake, Imam Abdullah Haron alikutwa amekufa katika selo ya kituo cha polisi cha Maitland. Alikuwa na umri wa miaka 45. Polisi walisema aliteleza na kuanguka ngazi. Waliomuosha na madaktari waliouchunguza mwili wake walikuta michubuko zaidi ya 20 na ubavu uliovunjika. Mwaka 1970 hakimu aliyechunguza kifo hicho alieleza kuwa moyo wake ulisimama, na kwamba sehemu ya majeraha ilitokana na ajali ya kuanguka. Hapakuwa na aliyeshitakiwa.

Alizikwa Septemba 29. Watu wanaokadiriwa kufikia 40,000 walijitokeza, na jeneza lake lilibebwa mabegani kwa mwendo wa karibu kilomita 10 hadi makaburi ya Waislamu ya Mowbray. Waliokuja hawakuwa Waislamu peke yao, wala hawakuwa wa rangi moja. Usiku wa siku hiyo hiyo tetemeko la ardhi, kubwa kuliko yaliyozoeleka nchini humo, lilipiga eneo la Tulbagh na kutikisa Cape Town. Wazee wa mji huo hawajaacha kuyasimulia mambo hayo mawili kwa pamoja. Mwezi uliofuata, London, kasisi Collins aliendesha kumbukumbu yake katika kanisa la St Paul's, heshima ambayo inaelezwa kuwa hakuna Muislamu aliyewahi kupewa hapo kabla yake.

Kisa kingine kinanigusa zaidi. Mwaka 1971 kasisi wa Kianglikana, Bernard Wrankmore, alikwenda kukaa katika kaburi la walii mmoja wa Kiislamu katika kilima cha Signal Hill, juu ya mji wa Cape Town, akafunga kula. Alitaka serikali ifanye uchunguzi wa haki juu ya kifo cha Imam Haron. Alifunga siku 67. Waziri Mkuu Vorster alikataa. Kasisi wa Kizungu, katika kaburi la Muislamu, alihatarisha maisha yake ili haki ya imamu itendeke. Wale waliosema mambo ya Langa si yao walikuwa na la kujifunza kwa mtu huyo.

Miaka ikapita. Ubaguzi wa rangi ulianguka na mwaka 1994 Mandela akawa rais, lakini uamuzi wa mwaka 1970 ulibaki vitabuni ukisema kuwa imamu alianguka ngazi. Familia haikuchoka kuufuatilia. Mjane wake, Bi Galiema, alifariki Septemba 29 mwaka 2019, siku ya kutimia miaka 50 tangu azikwe mumewe. Hakuuona mwisho wa kesi. Uchunguzi ulifunguliwa upya Novemba mwaka 2022, na Oktoba 9 mwaka 2023 Jaji Daniel Thulare wa Mahakama Kuu ya Cape Town aliufuta uamuzi wa zamani. Alieleza kuwa Imam Haron hakufa kwa kuanguka, bali alikufa kwa mateso aliyofanyiwa na polisi wa usalama. Waliomtesa walikuwa wamekwisha kufa. Hakuna aliyepelekwa gerezani, lakini uongo uliodumu miaka 53 ulifutwa katika kumbukumbu za dola.

Sasa turudi katika swali letu. Imam Haron alikuwa na asili ya kujivunia. Alitokana na watu waliohifadhi dini yao katika minyororo, watu walioandika msahafu gerezani. Hakuikana asili hiyo. Aliiendeleza katika msikiti wake, katika visomo na desturi za watu wake. Alichokikataa ni kuitumia asili hiyo kama kiti cha kukalia juu ya mgongo wa mwingine. Mtu ambaye babu yake aliletwa mtumwa, kisha akamtazama Mwafrika wa Langa kwa dharau, amemsahau babu yake.

Sisi wa Afrika Mashariki tusidhani kuwa mambo hayo yalikuwa ya makaburu tu. Tanganyika ya Waingereza ilikuwa na shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, na hospitali vivyo hivyo. Hata uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 ulikuwa wa kura tatu, kila mpiga kura amchague Mzungu, Muasia na Mwafrika, ule uchaguzi ulioitoa jasho TANU katika mkutano wa Tabora kabla ya kukubali kushiriki. Hapa nako walikuwepo watu wa katikati, wenye asili ya Uarabuni na Bara Hindi. Wapo walioridhika na daraja lile. Na wapo waliolikataa wakasimama na wenyeji, mfano Amir Jamal, aliyeingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958 akiungwa mkono na TANU.

Leo sheria hizo hazipo, na tuseme alhamdulillah. Lakini sheria ikifutwa haiondoki na mazoea yake. Dar es Salaam ina misikiti ambayo majina yake yanataja asili za watu, kama Manyema na Ngazija. Hakuna ubaya katika hilo, ni historia ya mji wetu, na milango yake iko wazi kwa kila mwenye kusali. Mimi nauliza yanayotokea baada ya sala. Nani anaozesha binti yake kwa nani? Nani anaitwa kwa jina na nani anaitwa kwa rangi yake? Dukani, mfanyakazi na tajiri waliosimama safu moja adhuhuri wanakula meza moja mchana? Na kwa upande wa pili, mtoto wa Kihindi au wa Kiarabu aliyezaliwa hapa, kama walivyozaliwa hapa baba na babu yake, mpaka lini ataambiwa arudi kwao? Hilo nalo ni ubaguzi, na haligeuki kuwa haki kwa sababu linatoka kwa aliyeonewa jana.

Kila khatibu wetu anaijua aya ya 13 ya Surat Hujurat, na hutusomea mara kwa mara. Huitafsiri vizuri, waumini wakaitikia kwa vichwa, kisha wakatawanyika kila mmoja kwa watu wake. Imam Haron naye aliisoma aya hiyo hiyo pale Stegman. Tofauti ni kwamba baada ya kuisoma aliingia katika gari lake la peremende akaenda Langa.

Mwenyezi Mungu amrehemu, aiweke roho yake mahali pema, na amrehemu na mkewe aliyesubiri miaka 50. Na sisi tuliobaki, kila mmoja anajua Langa yake iko mtaa gani.